Gawanya kwa Nne

Mama yake Makham, anayeuza mabalungi kando ya barabara kule Phichit, husema alizaa miguu kwanza, mwili ukafuata baadaye. Wala hasingizii. Mtoto yule hakuwahi kumaliza sahani ya wali bila kusimama mara tatu. Shuleni walimu walimweka karibu na mlango ili akitaka kutoka asiwakanyage wenzake. Alipofika chuo cha uuguzi, wasichana wa bweni walimzoea upesi: ukisikia kandambili zinapiga korido kwenda, halafu zinapiga korido kurudi, huna haja ya kuchungulia. Ni kiguu na njia wetu huyo, mtihani umekaribia.

Mara moja tu maishani alikaa. Alikuwa na miaka kumi na miwili, bibi yake kalazwa na homa ya dengue, na Makham akakaa kwenye kigoda kuanzia asubuhi mpaka jioni, akihesabu matone ya dripu. Hakuna aliyemtuma. Mama yake alipomwona alishika kiuno akasema, "Haya jamani, kumbe dawa ya kumkalisha huyu ni hospitali! Basi awe nesi." Na unesi wenyewe ulianzia hapo, kwa utani.

Sasa utani ulikuwa umekwisha. Jumamosi ninayoisema zilibaki siku sita kufikia mtihani wa nusu muhula wa somo la dawa, na Makham alikuwa amekalia kuti kavu. Muhula uliopita alama zake zilianguka vibaya, ofisi ya masomo ikampa barua, na barua haikuzunguka: mtihani huu akipata chini ya sitini, anadisko. Anafungasha virago, anarudi Phichit kumenya mabalungi. Barua ile aliikunja mara nane akaifukia chini ya soksi zake kwenye kabati.

Kwa hiyo Jumamosi hiyo alifanya nini? Alifua mapazia.

Alifua mapazia, akapanga viatu, akachonga penseli kumi na mbili, na mtihani wenyewe unafanywa kwa kalamu ya wino! Kisha akabeba vitabu kwenda maktaba, maktaba ikawa baridi mno. Akahamia kantini, kantini ikawa na kelele. Akahamia kwenye ngazi za bweni, ngazi zikawa na sisimizi. Ilipofika saa kumi alasiri alikuwa amesoma ukurasa mmoja na nusu na amechoka kama aliyelima shamba zima. Mchagua jembe si mkulima, lakini nenda kamwambie wewe.

Hapo kwenye ngazi ndipo Kaka Ton alipomkuta.

Pale chuoni kila mtu ana ukoo wa namba. Namba yako ya usajili ikiishia na arobaini na moja, basi wote wa arobaini na moja, kuanzia mwaka wa kwanza mpaka wa nne, ni ndugu zako, mpendane msipendane. Mkubwa anamlisha mdogo, anamtia moyo, anamrithisha madesa yake, yaani notsi zake za zamani. Mdogo naye anamwinamia mkubwa, anapokea kwa mikono miwili, wala hambishii. Kaka Ton ndiye aliyekuwa mkubwa wa ukoo, mwaka wa nne, kijana mnene mwenye sauti ya upole. Chini ya Makham, aliyekuwa mwaka wa pili, kulikuwa na Toei wa mwaka wa kwanza, kibinti kifupi chenye miwani. Na katikati, mwaka wa tatu, palikuwa na pengo. Dada Nuan alidisko mwaka jana. Anauza chai ya maziwa stendi ya mabasi, na ukoo mzima, kwa haya, huzunguka geti la nyuma wasije wakapita mbele ya kibanda chake.

"Mdogo wangu, mbona umekonda?" Kaka Ton alisema, akimpa mfuko wa vitafunio. "Unakula kweli?"

"Nakula, kaka, ila chakula chenyewe nakula nikitembea."

"Kaa chini basi, leo nimekuletea dawa." Akatoa kwenye begi daftari kuukuu lililofungwa kwa nailoni, akalishika kwa mikono miwili. "Hili usilione daftari. Hili ndilo baba yako na mama yako. Dada Orn aliliandika miaka kumi na moja iliyopita, na leo ni muuguzi mkuu wa wodi nzima. Ukoo wote tumepita nalo."

"Wote, kaka?"

Kaka Ton alikohoa. "Wote waliolisoma vizuri."

Alimfungulia ukurasa wa tisa. Kwa mwandiko mzuri wa Dada Orn palikuwa pameandikwa: Dripu. Chukua mililita za saa moja, gawanya kwa nne, umepata matone ya dakika moja. Maneno mengine ya swali ni ya kukuchanganya, usihangaike nayo.

"Sehemu ya dripu peke yake ina alama arobaini," Kaka Ton alisema. "Shika hiyo nne, umevuka mto. Ukifaulu utaandika dua yako ukurasa wa mwisho, kama sisi. Ila kwingine usiandike hata nukta, sawa?"

"Sawa, kaka. Asante sana, kaka."

Roho ikamtua. Darasani mwalimu alikuwa amefundisha kanuni ndefu ya dripu, Makham akaiandika huku akili yake inatembea nje kwenye mvua, na tangu hapo kanuni ile ilikuwa inamtisha. Kumbe ni nne tu! Usiku huo alilala usingizi wa mtoto mchanga.

Jumapili alinakili daftari lote kwa kalamu za rangi saba. Vichwa vya habari zambarau, dawa za moyo nyekundu, dawa za figo kijani, na pembeni akachora vichupa vidogo vyenye macho. Wenzake walikuja kutazama. "Makham, hii si notsi, hii ni harusi!" Alicheka, akafurahi, akaongeza maua. Laiti mtu mmoja angefunika ukurasa ule na kumuuliza dawa moja tu ya moyo, angeona jinsi binti wa watu anavyotoa macho. Hakuna aliyemuuliza.

Jumatatu alikwenda kwenye kijumba cha mzimu kilicho nyuma ya jengo la utawala, akaweka chupa ya soda nyekundu, akachoma ubani, akaweka nadhiri: akivuka sitini ataleta mayai ya kuchemsha mia moja. Mlinzi wa geti alikuwa ameketi pembeni anakula ndizi.

"Umeahidi nini, mwanangu?"

"Mayai mia, mjomba."

"Mia! Mwenzako kaahidi mia mbili asubuhi hii. Wiki ya mitihani mzimu huyu anavimbiwa, maskini."

Jioni kulikuwa na diskasheni katika ukumbi wa chakula, wanafunzi wa mwaka wa pili wamejigawa mezani. Makham alikaa meza ya kwanza dakika kumi, akaona meza ya pili wanaongea kwa kujiamini zaidi, akahamia. Meza ya tatu walikuwa na mchoro. Meza ya nne walikuwa na biskuti. Alirudi bweni akijiambia amehudhuria diskasheni nne kwa siku moja, nani kama yeye?

Jumanne zilibaki siku tatu. Kwa desturi mkubwa hata awe anazama lazima amlishe mdogo wake wiki ya mitihani, basi Makham alimnunulia Toei bakuli la tambi wakakaa kantini. Toei alikuwa na mitihani yake mingine, somo la dawa alikuwa hajalifikia hata siku moja. Alifungua daftari lile la rangi saba kwa adabu, kama mtu anayefungua zawadi ya mwenzake, akasoma, akafika ukurasa wa tisa.

"Dada, samahani. Mbona nne?"

"Nne nini?"

"Hapa. Kwa nini mnagawanya kwa nne? Si tano, si tatu?"

Makham alionja tambi zake. "Kwa sababu ndiyo njia."

"Ndiyo, dada, lakini hiyo nne inatoka wapi?"

"Wewe Toei!" Sauti ilimtoka kubwa, watu wakageuka. "Ukoo umepita na nne hii miaka kumi na moja! Dada Orn ni muuguzi mkuu! Wewe hata sindano hujaishika, umeshaanza kukosoa wakubwa zako?"

Toei alikutanisha viganja kifuani, akainamisha kichwa mpaka miwani ikateleza. "Nisamehe, dada. Nilikuwa nauliza tu." Akamaliza tambi bila kunyanyua macho.

Makham aliondoka pale. Alizunguka uwanja wa mpira mara mbili, mvua ikimnyeshea. Hasira yake haikuwa kwa Toei, na alilijua hilo. Alikuwa anaogopa. Nne inatoka wapi? Hakujua. Na kama hakujua hiyo, iliyoandikwa kwa zambarau na kupigiwa mistari miwili, anajua nini kingine?

Lakini mtu mwenye hofu hufanya lile analolijua, na Makham alijua kukimbia huku na huko. Jumatano asubuhi alikwenda duka la fotokopi mbele ya geti la nyuma kutoa kopi za maswali ya miaka ya nyuma. Ilikuwa mara yake ya tano wiki ile. Mwenye duka ni Shangazi Saeng, mama wa makamo anayevaa aproni yenye wino, ameviona vizazi ishirini vya wauguzi, na ulimi wake hauna breki.

"Karibu, mkwe wangu," alisema. "Hii mashine imekuzoea, nitakuozesha."

"Shangazi, harakisha bwana, nina mtihani Ijumaa."

"Najua. Wote mna mtihani Ijumaa. Zile kopi za jana umezisoma?"

"Nitazisoma pamoja na hizi."

Shangazi Saeng alizima mashine. Kweli aliizima, taa ikafa. "Mwaka jana kulikuwa na dada yako mmoja. Wa ukoo wako huohuo, arobaini na moja. Alikuja hapa wiki ya mtihani mara ishirini, nilimhesabia. Rundo lake la kopi lilifika hapa." Akaonyesha kiunoni. "Yuko wapi leo?"

Makham alirudisha maswali yake begini.

"Mimi sikusoma, darasa la saba niliishia. Lakini kitu kimoja nimekiona hapa dukani. Wanaofaulu hawaji kutoa kopi wiki ya mtihani. Wanakuja mara moja tu, wananunua karatasi tupu."

"Tupu za nini?"

"Mimi nitajuaje? Waulize. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, na ninyi mnataka niiname mimi."

Makham alitoka na karatasi tupu. Alikasirika njia nzima. Mwanamke gani huyu, anafukuza wateja! Alifika chumbani, akafungia daftari la rangi saba kabatini pamoja na la Dada Orn, akaketi mbele ya karatasi nyeupe, akajiambia: haya, andika unachokijua kuhusu dawa.

Aliandika jina lake. Aliandika dawa mbili za shinikizo la damu, ya tatu akaisahau nusu. Aliandika: dripu, gawanya kwa nne. Kisha mkono ukasimama.

Ukurasa ulibaki mweupe unamtazama. Siku tano za kukimbia, na mavuno ni mistari mitano! Makham alilia, tena si kidogo, kamasi na vyote. Aliiona barua chini ya soksi, akamwona mama yake akimsogezea kisu cha kumenyea mabalungi bila kusema neno, na hilo la kutosema neno ndilo lililomuuma zaidi. Alilia mpaka akachoka. Kisha, kwa kuwa hata kilio hawezi kukikalia muda mrefu, akasimama akanawa uso akaenda kumtafuta Toei.

Alimkuta akianua nguo. "Mdogo wangu, jana nilikukosea. Sijui nne inatoka wapi. Twende tukaitafute."

Toei hakuuliza wapi. Aliacha nguo kwenye kamba.

Chumba cha mazoezi kilikuwa wazi, midoli ya wagonjwa imelala kwenye vitanda inakodolea dari. Makham alitundika chupa ya maji, akafunga mpira wa dripu, akachukua bomba kubwa la sindano akaliziba mdomoni kwa kidole ili maji yaingie yasitoke. "Tukigawanya kwa nne," alisema polepole, akifikiri kwa sauti, "dakika sitini gawanya kwa nne ni kumi na tano. Ina maana... subiri... ina maana matone kumi na tano yanajaza mililita moja! Ndiyo hiyo nne! Toei, inatoka kwenye tone!"

"Basi tuhesabu," Toei alisema. "Mililita tano, ziwe matone sabini na tano."

Akafungua. Tone. Tone. Tone. Na hapo ndugu zangu miguu ile ilitulia. Makham alisimama wima hajatikisika, midomo tu ndiyo inakwenda, vilevile kama kwenye kigoda cha bibi yake. Sabini na tatu, sabini na nne, sabini na tano. Toei aliinama akasogeza miwani.

"Dada, maji hayajafika hata nne."

"Umesoma vibaya."

"Njoo uone mwenyewe."

Walirudia. Walirudia tena. Kila mara maji yalifika mstari wa tano kwenye tone la mia. Matone ishirini kwa mililita moja, wala si kumi na tano. Toei aliokota pakiti ya mpira kwenye pipa la taka, na hapo ubavuni, kwa herufi ndogo, palikuwa pameandikwa: matone ishirini.

Makham alipiga hesabu ukutani kwa kidole. Lita moja kwa saa nane. Kwa nne ya ukoo, matone thelathini na moja. Kwa mpira huu, ilipaswa kuwa arobaini na mawili. Mgonjwa angepewa maji yake kwa saa karibu kumi na moja badala ya nane. Alimfikiria bibi yake amelala pale, midomo imekauka, na nesi anatabasamu kwa sababu dua yake iko ukurasa wa mwisho.

"Yale maneno mengine ya swali," alisema, "yale ya kutuchanganya..."

"Ndiyo yanayosema mpira ni upi," Toei alimalizia.

Kuanzia hapo alisoma, na alisoma kwa namna yake. Alitembea korido na Toei nyuma yake, Toei kashika kitabu, Makham hana kitu mkononi. "Dawa ya kukojoza maji, madhara yake?" Makham akijibu wanaendelea, akikosa anarudi mlangoni kuanza upya. Wenzake walichungulia wakacheka. "Kiguu na njia kapata kondakta!" Wacha wacheke. Kila saa walisimama, wakanywa maji, na Makham akaandika kwenye karatasi tupu yote aliyobaki nayo kichwani. Karatasi ya kwanza baada ya pale ilikuwa na mistari kumi na minne. Ya usiku, thelathini. Saa nne usiku Toei akamnyang'anya kalamu. "Lala, dada. Kichwa nacho kinahitaji kukaa."

Alhamisi mchana alikwenda kumwona Kaka Ton, aliyekuwa anapumzika nje ya wodi ya mafunzo na kifuko cha wali wa kunata. Alikuwa na woga mkubwa kuliko wa mtihani. Mdogo hambishii mkubwa. Alikutanisha viganja, akainama, akaeleza yote: mpira, matone mia, pakiti.

Kaka Ton aliacha kutafuna. "Umeandika kwenye daftari?"

"Sijaandika, kaka."

"Swali la mwaka wetu lilikuwa kumi na tano," alisema taratibu, kama anayejitetea. "La Dada Orn pia. Mipira ya zamani yote ilikuwa kumi na tano. Na huku wodini siku hizi mashine ndiyo inahesabu, mimi sijawahi..." Alifunga kifuko chake cha wali. "La Nuan lilikuwa ishirini."

"Kaka?"

"Alitoka kwenye mtihani analia, akasema swali lilikuwa baya. Sote tukasema ndiyo, swali lilikuwa baya, mwalimu mpya ana roho mbaya. Nilimbembeleza mimi mwenyewe. Nikamwambia daftari haliwezi kukosea." Alifuta mikono kwenye suruali, na macho yake yalikuwa mekundu. "Alikosa alama tatu tu, Makham. Tatu!"

Makham alikaa naye kwenye benchi lile mpaka kengele ya wodi ilipolia, dakika ishirini nzima, bila kusimama.

Ijumaa karatasi ya mtihani ilifunguliwa. Makham alikwenda moja kwa moja sehemu ya dripu. Lita moja, saa nane, mpira wa matone ishirini. Aliandika arobaini na mawili, akahakikisha, akahakikisha tena. Swali la pili: mpira wa matone kumi na tano. Akacheka peke yake, msimamizi akamkazia macho. Hapo ndipo nne ilipokuwa na kazi. Katika dawa za figo alikwama, ukurasa wa kijani wote ulikuwa umefutika, akaandika alichoweza akaacha nafasi mbili tupu. Mguu wake wa kulia ulipiga sakafu saa mbili zote. Alitoka hajui kama amevuka au amezama.

Wiki mbili alizunguka. Tusiziseme, zilituchosha hata sisi majirani zake wa bweni. Matokeo yalipobandikwa, alimtuma Toei akatazame, yeye akabaki nyuma ya nguzo amefumba macho.

"Dada! Sitini na nne!"

Makham alipiga ukelele uliowatoa makarani ofisini. Alimrukia Toei, miwani ikaanguka, wakaitafuta kwenye nyasi wote wawili wakicheka na kulia. Sitini na nne! Si alama ya kumwonyesha mtu, lakini barua ile chini ya soksi aliichana vipande sitini na nne, kwa hesabu kamili.

Nadhiri ni deni, basi kesho yake walichemsha mayai mia, wakayapeleka kwa mzimu. Ubani ulipokwisha kuwaka mayai yakawa ya watu, kama ilivyo desturi, na mlinzi akajichukulia kumi bila haya. Makham alijaza mengine kwenye mfuko. Akachukua na daftari la Dada Orn.

"Tunapita geti gani?" Toei aliuliza.

"La mbele."

Dada Nuan alikuwa nyuma ya chungu chake cha chai, kitambaa kichwani. Alipowaona na mashati yao meupe ya chuo, mkono wake ulisimama. "Jamani. Arobaini na moja. Nimewakosea nini leo?"

"Tumekuletea mayai, dada," Makham alisema. Alifungua ukurasa wa tisa juu ya kaunta, akaeleza. Hakuzunguka. Alisema nne inatoka wapi, na kwamba mpira wa matone ishirini ungetaka kugawanya kwa tatu. Alisema ni Toei aliyeuliza, mwaka wa kwanza, na kwamba yeye Makham alimfokea.

Dada Nuan alisikiliza akiendelea kukoroga chai ambayo haikuhitaji kukorogwa. Basi moja likaondoka, jingine likaingia.

"Nililiona lile ishirini kwenye swali," alisema mwishowe. "Nililiona. Nikajiambia wewe ni nani umuulize Kaka Ton. Nikalipita." Alicheka kidogo, kicheko kisicho na furaha. "Kwa hiyo ningeuliza tu? Swali moja?"

"Samahani, dada."

"Wewe samahani ya nini? Ulikuwa mwaka wa kwanza." Akajifuta macho kwa kona ya kitambaa, kwa hasira, kama mtu aliyeingiwa na moshi. "Mwaka mzima namtukana mwalimu na swali lake."

Makham alitoa kalamu akaisukuma juu ya kaunta. "Tunataka uandike wewe."

"Mimi? Ukurasa wa mwisho ni wa waliofaulu."

"Si wa mwisho, dada. Huo wa tisa."

Dada Nuan aliitazama kalamu. Kisha akakausha vidole kwenye aproni, kimoja kimoja, akainama. Pembeni mwa mwandiko mzuri wa Dada Orn, mahali ambapo kwa miaka kumi na moja hakuna aliyethubutu kuweka hata nukta, aliandika kwa mkono wa haraka wa mtu aliyezoea kuandika oda za chai: Swali halikuwa baya. Uliza kwanza mpira ni wa matone mangapi. Nuan, 41.

Akapuliza wino ukauke, akalifunga daftari, akampa Toei kwa mikono miwili, si Makham.

"Haya kaeni," alisema, akivuta viti vya plastiki. "Sukari kiasi gani?"

Makham akakaa.